Ekseli na Breki za Hotirodi Inayojengwa Nyumbani Malindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Malindi haijawahi kukosa vijana wenye mkono wa kuchomelea chuma, na kila mwaka unamwona mmoja anayetaka gari la zamani livuliwe bampa na madude yote ya ziada, liwekewe injini kubwa, lipite barabara ya Casuarina jioni watu wakigeuka kulitazama. Ni kazi nzuri na inafaa kuungwa mkono. Shida ni kwamba karibu wote huanza na injini, na suala la ekseli na breki huja mwisho, pesa zikiwa zimekwisha. Majibu haya yanaanzia upande wa pili.

Hotirodi ni gari la aina gani hasa?

Ni gari la zamani lililopunguzwa uzito na kuongezwa nguvu. Mchezo huu ulikua kusini mwa California miaka ya 1930 na 1940, vijana walipokuwa wakivua Ford zao na kuzikimbiza kwenye vitanda vya maziwa makavu kama Muroc. Ford ya 1932, iliyotoka na injini ya V8, yaani ya silinda nane, ndiyo inayopendwa hadi leo.

Ford ilitumia breki za fito, na baadaye za kamba, hadi mifano ya 1938. Breki za mafuta zilikuja na mifano ya 1939, na waliokuwa na magari ya nyuma ya hapo walizitoa kwenye Ford mpya zaidi wakazifunga kwenye zao. Kwa hiyo kuhamisha ekseli na breki kutoka gari moja hadi jingine kumekuwamo katika mchezo huu tangu mwanzo. Swali ni unahamisha kutoka gari lipi, na unajua unachokifanya au unabahatisha.

Nimeshapata injini. Ekseli zinaweza kungoja?

Zisingoje. Ekseli ndiyo inayoamua upana wa gari, rimu utakazovaa, kimo cha chesisi, mahali pa kupitisha propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma) na aina ya breki. Ukiifunga injini kwanza, kila kipimo cha nyuma kitalazimishwa kuifuata.

Kuna jambo jingine. Nguvu inayohitajika kulisimamisha gari haiongezeki sawa na kasi. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa lina karibu mara tatu ya nishati ya gari hilohilo likiwa kwenye 60, na nishati yote hiyo lazima igeuke joto ndani ya diski na dramu zako. Fikiria barabara ya kwenda Mombasa ilivyo: tuktuk inakatiza Gede, matatu inasimama ghafla bila taa, matuta hayana rangi. Kabla hujauliza gari litakimbia kiasi gani, uliza litasimama wapi.

Ni gari gani la hapa kwetu lenye ekseli ya nyuma inayofaa?

Kwa mjenzi wa Malindi jibu la kwanza ni Toyota Hilux ya zamani, na sababu ni nyingi. Ni ekseli ngumu isiyo na maungio ya ziada, imekaa juu ya springi za bapa, na difu yake, yaani meno ya katikati yanayogawia magurudumu nguvu, hutoka kwa mbele kama kitu kimoja, hivyo ukitaka kubadilisha ratio (mara ambazo propela huzunguka kwa mzunguko mmoja wa gurudumu) huhitaji kuvunja ekseli nzima. Dramu zake zina hendibreki tayari. Zaidi ya yote, laini, sili, beringi na silinda za gurudumu zake zinapatikana hapa mjini, na zikikosekana hapa, Mombasa hazikosekani. Hilux ya 4x4 ina nati 6 kwenye mduara wa milimita 139.7. Nyingi za zamani zisizo za 4x4 zina nati 5 kwenye 114.3, na hizi ndizo ningezitafuta kwanza, kwa sababu rimu zake ni rahisi kupata katika muundo mzuri.

Land Rover Series zimejaa pwani yote, na ekseli yake ni imara. Hata hivyo ni nzito, ratio yake ni 4.7 inayofanya injini ilie hata kwa mwendo wa kawaida, nati zake ziko kwenye mduara wa 165.1 usiolingana na rimu nyingine nyingi, na difu yenyewe imekaa upande wa kulia badala ya katikati. Propela yako itakwenda mshazari. Iache kwenye Land Rover.

Peugeot 504 ya saluni wengi huiuliza kwa mapenzi tu, na inastahili mapenzi, lakini propela yake imefungiwa ndani ya bomba lililoshikana na difu. Kuitenganisha na giaboksi yake ni kazi kubwa isiyo na faida.

Corolla ya KE70 ina ekseli nyepesi yenye nati 4 kwenye 114.3. Inatosha kwa gari dogo lenye injini ya wastani. Usiifunge nyuma ya V8.

Na Suzuki ndogo za SJ na Samurai zina jambo linalowafurahisha wapenzi wa Ford: nati 5 kwenye 139.7, mduara uleule wa Ford za 1928 hadi 1948. Rimu zenye sura ya kale zinaweza kukaa, mradi umepima na tundu la katikati. Ekseli yenyewe ni ya gari jepesi.

Je, niagize difu ya Ford ya inchi 9 kutoka Marekani?

Difu hiyo, iliyoanza na mifano ya 1957, ina sifa zake za haki, na sehemu zinaweza kuagizwa. Gari zima ni jambo jingine: Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na usukani lazima uwe wa kulia. Ndiyo maana wajenzi wa hapa hutegemea vyuma vilivyoko tayari nchini. Kama injini yako si V8 kubwa, fedha za usafirishaji na ushuru zingeweza kukununulia Hilux nzima ya kuchinja, yenye ekseli, masta silinda (pampu ya breki inayosukumwa na pedali), pedali, hendibreki na nati zake zote. Nunua gari zima la kutoa sehemu kila unapoweza. Breki zilizotengenezwa pamoja zinaelewana.

Nipime nini kabla ya kulipa?

Pima kutoka uso wa habu wa kulia, pale rimu inapokaa, hadi uso wa habu wa kushoto. Usipime kutoka tairi hadi tairi, kwa sababu rimu zilizofungwa zinaweza kukudanganya. Kisha pima upana wa mapaja ya nyuma ya bodi yako, toa sehemu ya rimu na tairi inayotokeza nje ya uso wa habu kila upande, na acha nafasi ya angalau vidole viwili kila upande.

Baadaye zungusha pinioni, pale propela inapofungwa kwenye difu, kwa mkono huku gurudumu moja limezuiwa. Sikiliza. Ikikwaruza, au ikiwa na mchezo mkubwa kabla ya kushika, meno ya difu, yaani krauni na pinioni, yameliwa. Fungua plagi ya mafuta uchovye kidole: mafuta meupe kama tui yameingia maji, na katika mji wenye mafuriko ya masika hili si nadra. Angalia nyuma ya dramu pia, kwa unyevu wa mafuta ya difu au wa breki.

Ekseli ni ndefu. Fundi anasema atakata na kuchomelea. Ni salama?

Inategemea anakata nini. Bomba la ekseli linaweza kufupishwa na fundi makini, mradi linanyooshwa kwa fimbo nene iliyochongwa, ikipita katikati kutoka beringi moja hadi nyingine huku likichomelewa kidogokidogo. Bila fimbo hiyo bomba litapinda kwa joto, na sili na beringi zitakufa mapema bila wewe kuelewa kwa nini.

Hafushafti, ile shafti ya ndani ya bomba inayozungusha gurudumu, ni habari tofauti kabisa. Haichomelewi. Chuma chake kimetiwa ugumu maalumu, na joto la kuchomelea huuondoa pale palepale panapobeba nguvu zote. Hukatwa na kuchongwa meno mapya kwenye karakana yenye mashine, au unatafuta iliyotoka kiwandani ikiwa fupi. Fundi akikwambia amechomelea nyingi na hazijavunjika, mshukuru, lipa chai yake, uondoke. Kwa ekseli kama ya Hilux, shafti ikivunjika upande wa nje gurudumu linaweza kukutoka ukiwa njiani.

Ushauri wangu ni kutafuta ekseli yenye upana unaokufaa hata kama itakuchukua mwezi zaidi, au kubadilisha kina cha rimu, kuliko kukata.

Ratio gani inafaa?

Chukua tairi ya 205/75R15. Kwa kila mzunguko inasogea karibu mita 2.1 ikiwa imebeba gari. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka karibu mara 794 kwa dakika. Zidisha kwa ratio ya difu, ukiwa kwenye gia ya moja kwa moja: 4.1 inakupa karibu mizunguko 3,250 ya injini, 3.7 inakupa 2,940, na 3.3 inakupa 2,620. Injini ya silinda nne yenye gia ya tano itafurahi na 4.1. V8 yenye nguvu ya chini nyingi haihitaji hiyo, itakunywa mafuta na kukupigia kelele hadi Kilifi.

Mbele nifunge nini?

Sura ya hotirodi ya kale inadai ekseli ya boriti moja inayoonekana mbele ya grili. Hapa kwetu hizo ni chache: Ford ndogo za zamani za Uingereza kama Popular ya 103E zilikuwa nayo, na za kuagiza zipo. Ekseli za mbele za 4x4 zina difu ndani yake, ni nzito, na kwa gari jepesi zitakurusha kila tuta. Za malori madogo ni nzito zaidi.

Ukipata boriti, kingipini (pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia) zilale nyuma kwa juu kati ya digrii 5 na 7. Pungufu ya hapo usukani utatangatanga. Hautarudi wenyewe katikati. Usikubali mkono wa usukani au kingipini kuchomelewa, kupashwa moto ili kupindwa, au kupakwa kromu bila matibabu ya joto baadaye, kwa sababu chuma kigumu hunyonya haidrojeni wakati wa kupakwa na kuvunjika bila kupinda kwanza.

Asiyejali sana sura ya kale achukue fremu ya mbele ya pikapu yenye mikono miwili, juu na chini, ikiwa na diski zake. Zile za Corolla na Datsun zenye nguzo ndefu ya springi zinahitaji bodi ya kushikilia kichwa cha nguzo, na hotirodi haina bodi hapo.

Diski au dramu?

Diski mbele, dramu nyuma. Kwa gari litakaloendeshwa barabarani hapa pwani sioni sababu ya kwenda kinyume.

Gari likifunga breki uzito huhamia mbele, na magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Dramu ikipata moto hutanuka, ikaenda mbali na laini, na pedali ikashuka. Ikipita kwenye maji ya mvua inateleza hadi ikauke. Diski hupoa kwa upepo na hujifuta maji haraka. Nyuma dramu inatosha, na inakupa hendibreki rahisi ya kamba. Hendibreki ni lazima ifanye kazi peke yake, bila kutegemea mafuta, kwa sababu siku paipu itakapopasuka hicho ndicho kitakachobaki mkononi mwako.

Unapofungua dramu za zamani, usipulize vumbi kwa kompresa. Laini za zamani zilikuwa na asbesto. Loanisha kwa maji, futa, funga kwenye mfuko.

Masta silinda ya ukubwa gani?

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea, kwa kudhani kubwa ndiyo yenye nguvu. Ni kinyume. Masta silinda nyembamba hutoa presha zaidi kwa mguu uleule, na nene husukuma mafuta mengi zaidi kwa presha ndogo.

Tuseme mguu wako unakanyaga kilo 30 na pedali ina uwiano wa 6 kwa 1, yaani urefu kutoka kwenye egemeo hadi unyayo ni mara sita ya urefu kutoka kwenye egemeo hadi fimbo ya masta. Fimbo inasukumwa kwa kilo 180. Masta ya inchi 7/8, yaani milimita 22.2, itakupa karibu kilo 46 kwa sentimita mraba. Ya inchi 1 itakupa karibu 36. Ni tofauti kubwa, na utaisikia kwenye paja.

Ila usikimbilie nyembamba mno: kalipa (zinazobana pedi kwenye diski) zenye pistoni kubwa zinahitaji mafuta mengi, na pedali itafika sakafuni kabla pedi hazijabana. Kwa gari lisilo na busta, kifaa kinachoongezea mguu nguvu, anza na 7/8 na uwiano wa 6 kwa 1. Ukiwa na busta, 4 kwa 1 inatosha.

Iwe ya vyumba viwili, kimoja cha mbele na kimoja cha nyuma. Marekani ililazimisha mfumo huu kwa magari mapya tangu 1968, kwa sababu wazi: sehemu moja ikipasuka, nyingine ibaki. Masta ya chumba kimoja iliyotoka kwenye gari la kale iweke kabatini kama kumbukumbu.

Masta yangu iko chini ya sakafu. Kuna tatizo?

Lipo. Ikiwa chini kuliko kalipa, mafuta hurudi polepole kwenye chupa na pedali ya kwanza huwa tupu. Dawa yake ni vali ndogo za kubakiza presha: ya 2 psi (kipimo cha presha) kwa upande wa diski na ya 10 psi kwa dramu. Usizipishanishe. Ya 10 kwenye diski itabana pedi muda wote, na utanuka moto kabla ya kufika Mambrui. Angalia pia kama masta uliyonunua ya gari la dramu tupu ina vali hiyo ndani yake.

Nikikanyaga, nyuma inafunga kwanza na gari linataka kuzunguka.

Hili ni jambo la hatari kuliko breki dhaifu. Breki za nyuma za Hilux zilipimwa kwa pikapu inayobeba mizigo, na gari lako huenda halina hata boneti. Pikapu nyingi pia zina vali inayosoma uzito, iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Ukiihamisha bila fimbo yake, inasoma uongo.

Itoe, weka vali ya kurekebisha kwa mkono kwenye paipu ya nyuma. Isipotosha, badilisha silinda za gurudumu: kutoka inchi 7/8 kwenda 3/4 nguvu inapungua kwa karibu robo. Fanya marekebisho hadi magurudumu ya mbele yafunge kabla ya nyuma, kwenye barabara kavu na kwenye iliyolowa.

Paipu za shaba ya friji zinafaa?

Hapana. Shaba tupu hukakamaa kwa mtikisiko na kupasuka. Tumia chuma cha breki cha tabaka mbili au mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambao kwa hewa yetu ndio bora, wa milimita 4.75. Mdomo wa paipu ukunjwe mara mbili kwa kifaa chake. Viungio vya bomba la maji havina nafasi hapa.

Na nati: za Kijapani ni M10 zenye hatua ya milimita 1, za Kimarekani ni inchi 3/8 zenye meno 24. Zinafanana kiasi cha kuanza kuingiana. Hazikai. Ukichanganya masta ya Kimarekani na kalipa za Toyota, zitenge kwenye mikebe miwili tangu siku ya kwanza.

Mafuta ya breki yapi, na hii chumvi ya bahari?

DOT 4. Yakiwa mapya huchemka kuanzia digrii 230, yakishanyonya maji ni 155. DOT 3 ni 205 na 140. Hunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Malindi haina uchache wa unyevu, kwa hiyo badilisha kila mwaka na usitumie chupa iliyokaa wazi. DOT 5 ya silikoni isichanganywe na hizi hata tone.

Chumvi hula kwanza vitu vidogo: blida (nati za kutolea hewa) za kalipa, kamba ya hendibreki, nati za paipu, kingo za dramu. Funika blida kwa vifuniko vya mpira, paka grisi kamba, osha chini kwa maji yasiyo na chumvi ukitoka ufuoni au upande wa mashamba ya chumvi ya Gongoni. Gari linalolala wiki nyingi bila kuguswa huharibika breki haraka kuliko linalotumika.

Serikali inasemaje?

Mabadiliko ya bodi, injini au rangi lazima yaingie kwenye kumbukumbu za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari lipite ukaguzi. Nenda ukaulize kabla ya kukata chesisi, na weka risiti za kila sehemu.

Niko Lamu. Nijengee huko?

Vichochoro vya Amu si vya magari. Jengea bara, Mokowe, na spea zako zipange kupitia Malindi au Mombasa.

Siku ya kwanza ya kujaribu nifanye nini?

Toa hewa kwenye breki ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta. Vitabu vya Kimarekani huanza nyuma kulia kwa sababu usukani wao uko kushoto. Sisi tunaanza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Kanyaga pedali kwa nguvu zote dakika nzima. Isishuke hata kidogo. Pita kila kiungio na karatasi kavu ukitafuta unyevu.

Ukiwa uwanjani, kwa mwendo wa kutembea, jaribu pedali, kisha hendibreki peke yake. Ukiridhika, zoesha pedi: kutoka 60 hadi 20 mara kadhaa, ukiacha zipoe katikati, bila kusimama kabisa na mguu ukiwa umekanyaga. Ukirudi gusa kila rimu kwa uangalifu. Iliyo moto kuliko mwenzake wa upande wa pili ina kitu kinachobana, na ifunguliwe jioni hiyohiyo.